Filimbi Juu ya Sauti ya Mwanahawa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Baada ya soda na keki mmoja wenu aliniuliza lile sanduku la bati lililo juu ya kabati la karakana ni la nini, mbona kila mkifanya usafi nakataa litupwe. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu mpiga picha alikuwa anatusubiri. Jibu refu ni hili.

Nilifika Kibiti nikiwa msichana wa Makete, nimezoea baridi na viazi, nina cheti cha elektroniki kutoka chuo cha ufundi na sanduku moja la nguo nzito ambazo sikuzivaa tena. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalikuwa yanajaa vitu tulivyovisikia tu, na ofisi za serikali zilikuwa zinapungua watu. Kibiti yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Rufiji na wakubwa wetu walikaa Utete. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, na kazi yake ilikuwa redio za upepo, zile za kupokezana maneno. Zahanati za delta zilizitumia kuomba dawa na kuomba boti ya wagonjwa. Kule kwenye mikoko hakukuwa na simu wala barabara, na kama redio haikusikika, mtu alitumwa kwa mtumbwi akisubiri maji yajae.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Seif, Mndengereko wa Ruaruke, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua. Nilimwamkia.

"Marahaba," alijibu. "Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani watanipa mwanamume. Lakini masikio hayana mwanamume wala mwanamke. Keti hapa."

Alinivisha hedifoni, akaenda zake kunywa kahawa. Asubuhi nzima sikushika bisibisi. Aliporudi aliniuliza nimesikia nini, nikamwambia kelele.

"Kelele gani?"

Sikujua kwamba kelele zina aina. Alinifundisha: huu mkwaruzo ni radi iliyo mbali baharini, hii ngurumo ni jenereta ya mashine ya kukoboa, huyu anayelialia ni transista inayotaka kufa. Hakuwa na vifaa vingi vya kupimia, na chuma chake cha kuyeyushia risasi alikipasha kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika, yaani karibu kila siku. Alitengeneza saketi kwa kubadilisha kipande kimoja, anasikiliza, anabadilisha kingine, anasikiliza tena. Vipande alivihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya watoto. Nilijifunza kwake mambo ambayo chuoni yalikuwa michoro tu.

Kisha likaja zoezi la kupunguza wafanyakazi. Walimwondoa Mzee Seif, wakamwondoa mtunza stoo, wakamwondoa dereva wetu. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa na cheti, na pengine kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuniweka kwenye orodha. Mzee Seif alikunja vitambaa vyake, akachukua birika lake la kahawa, akarudi kwenye mikorosho yake. Kuanzia siku ile hadi nilipopata wenzangu ninyi, karakana ilikuwa na mtu mmoja. Nilifungua mlango, nikafunga mlango. Sikukaa na mume. Hilo sitalieleza zaidi kwa kuwa hakuna zaidi. Idi majirani waliniletea pilau, Krismasi niliwapelekea maandazi, na siku zilizobaki nilikula peke yangu nikiwa nimeelekea dirishani.

Mtu niliyezungumza naye zaidi alikuwa sauti. Muuguzi wa zahanati ya kisiwa kimoja, nitakiita Mkandaani, aliitwa Mwanahawa. Kila asubuhi zahanati zote ziliita kujaribu redio, na yeye aliita wa mwisho, makusudi, ili asiharakishwe.

"Kibiti, Kibiti, hapa Mkandaani."

"Mkandaani, nakupata. Umeamkaje?"

"Salama, Fundi. Mvua imenyesha, paa linavuja, mimi mzima. Ova."

Ova ni kusema nimemaliza, sasa zamu yako. Mwanahawa alikuwa na sauti nene, ya kukokota kidogo mwisho wa sentensi, sauti ya mtu anayezungumza huku anafanya kazi nyingine. Sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilijua ana binti anayesoma Kilwa, nilijua mguu wake ulikuwa unavimba akisimama sana, na nilijua kwamba kisiwani kwake yeye ndiye daktari, mkunga, mfagizi na mzikaji wa vitoto visivyofika.

Filimbi ilianza na kibanda cha video. Mfanyabiashara mmoja alileta televisheni na jenereta akaweka mabenchi, na watu wakaanza kuingia mchana. Televisheni za wakati ule zilitupa mawimbi hewani, na mawimbi hayo yalitua palepale redio yetu ilipokuwa inasikiliza, yakawa mlio mwembamba mkali juu ya sauti za watu. Nilikwenda kumwona mwenye kibanda. Alinikaribisha vizuri na kuniagizia soda.

"Dada Tabitha," alisema, "mimi nizime leo, sawa. Kesho wenye gesti wote watakuwa nazo. Utazunguka mji mzima kuzima?"

Alikuwa mkweli. Baada ya muda mfupi kila gesti ilikuwa na televisheni, na kila moja ilikuja na filimbi yake, juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Nilihamisha antena upande wa pili wa uwanja. Filimbi nazo zikahamia huko.

Alasiri moja Mwanahawa aliita. Kwenye redio ya kituo alikuwapo mganga wa zamu, Bwana Komba, mtu makini ambaye sina neno baya juu yake. Mwanahawa alisema: mama mjamzito anatoka damu. Filimbi ilikuwa imekaa juu ya mwisho wa maneno yake. Komba alisikia: anatoka Da, kisha mlio. Akauliza tena, akasikia vilevile. Akajibu kwamba sawa, akifika kutoka Dar mpokeeni, mtuarifu hali yake. Boti ya wagonjwa ilikaa bandarini Nyamisati ikisubiri amri ambayo haikutoka. Mwanahawa alimtuma mtu kwa mtumbwi, na boti ilipofika Mkandaani mama alikuwa hai. Mtoto hakuwa hai.

Asubuhi yake Mwanahawa aliita wa mwisho kama kawaida.

"Nilisema damu, Fundi," aliniambia. "Nilisema damu, damu, damu. Ova."

Nilivua hedifoni, nikachukua karatasi na penseli.

Ndipo nilipoanza kutengeneza kichujio. Wazo lenyewe ni rahisi: saketi inayotoboa matundu membamba pale filimbi zinapokaa na kuiacha sauti ya mtu ipite pande zote. Lakini saketi ya namna hiyo ina rezista na kapasita nyingi zinazotegemeana. Nikibadilisha moja tundu linasogea. Nikibadilisha nyingine tundu linarudi mahali pake lakini linapanuka na kumeza maneno. Nikirekebisha hilo saketi nzima inaanza kulia yenyewe kama kengele. Njia ya Mzee Seif ya kipande kimoja kimoja ilinifikisha mahali fulani, kisha ikagoma. Kila hatua iliyofuata, upande wowote, ilikuwa mbaya zaidi ya pale niliposimama, na pale niliposimama hapakufaa.

Mwaka ule mto Rufiji ulijaa na kivuko cha Ndundu kikasimama. Mabasi ya kusini yalipanga mstari Ikwiriri, na ndani ya basi moja alikuwamo Gervas, tuliyesoma naye chuo, ambaye alikuwa likizo kutoka masomoni ng'ambo, anakwenda Masasi kumwona mama yake. Alipiga simu kituoni, nikapanda gari la ufuta kwenda kumsalimia. Tulikaa kwenye ua wa gesti tukila wali na samaki, mbele yetu mashamba ya mpunga, watoto wakipiga madebe kufukuza kwelea kwelea. Nilimweleza tatizo langu mpaka chakula kikapoa.

"Unatafuta peke yako," alisema. "Ndiyo maana unakwama."

"Niko peke yangu, Gervas."

"Sizungumzii watu. Nazungumzia saketi. Unashika saketi moja unaisukuma. Shika nyingi." Alionyesha wale ndege, wingu zima likigeuka pamoja bila kiongozi. "Kuna watu wameandika hesabu kwa kutazama makundi kama haya. Wanaita akili ya kundi."

Alinieleza kwa punje za wali juu ya meza. Kila punje ni saketi kamili yenye thamani zake za vipande, zimetupwa ovyo. Kompyuta inaipa kila moja alama kwa ubora wake. Kila punje inakumbuka mahali pazuri kuliko pote ilipowahi kupita yenyewe, na inaambiwa mahali pazuri kuliko pote alipowahi kupita yeyote katika kundi. Halafu inasogea: kidogo kuendelea ilikokuwa inaelekea, kidogo kurudi kwenye kumbukumbu yake, kidogo kufuata habari ya wenzake. Unapima tena, zinasogea tena. Hakuna punje inayojua jibu. Lakini iliyokwama huvutwa na habari za waliofika mbali.

Niliuliza inachukua akili kiasi gani kuandika programu hiyo. Alisema kidogo sana, tatizo ni subira. Kivuko kikafunguliwa, akaondoka, na nilirudi Kibiti nikiwa nimekaa juu ya magunia.

Mradi mmoja wa wafadhili pale kituoni ulikuwa na kompyuta moja, kubwa na nzito, iliyofunikwa kitambaa kama jeneza la mtu mashuhuri. Waliniruhusu kuitumia siku ambazo mhasibu hakuja, na alikuwa haji sana. Niliandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Basic. Niliiwasha asubuhi, nikaenda kufanya kazi nyingine, nikarudi kutazama kundi langu limefika wapi. Mara nyingi nilikuta jenereta imezimika na kundi limekufa lote, nikalizaa upya.

Jibu la kwanza lilikuwa na alama nzuri ajabu. Nililichomelea, nikaunganisha, nikavaa hedifoni: kimya kabisa. Hakuna filimbi, hakuna redio, hakuna chochote. Nilikuwa nimelitaka kundi liondoe filimbi, likaondoa kila kitu. Lilinifundisha kwamba mashine hukupa ulichoomba, na kuomba vizuri ndiyo kazi yenyewe. Jibu la pili lilitaka kapasita ambazo haziuzwi Kariakoo wala popote ninapopajua, kwa hiyo nikaiamuru programu ichague thamani zilizomo kwenye makopo yangu ya maziwa tu. La tatu lilifanya kazi hadi saa sita mchana, joto lilipopanda vipande vikabadilika na tundu likahama. Nikaamuru kila saketi ipimwe mara nyingi, kila mara vipande vikiwa vimepotoshwa kidogo, na alama yake iwe ile ya siku yake mbaya. Tena nilijifunza kwamba punje zote zikimkimbilia mmoja haraka mno, zote hukwama mahali pamoja, zinasifiana. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo. Nilipunguza mvuto wa kundi, nikaongeza ukaidi wa kila mmoja.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kuieleza kompyuta maneno ya mtu ni nini. Ni sehemu gani ya sauti ikikatwa mtu bado anaelewa, na ipi ikikatwa damu inakuwa Dar? Vitabu vyangu vilizungumzia Kiingereza. Nilimwomba Mwanahawa anisaidie. Kila alasiri, filimbi zikiwa zimepamba moto, nilichomeka saketi mpya naye akanisomea maneno.

"Shoka," alisoma. "Soka. Choka. Ova."

"Nimepata soka, soka, choka. Ova."

"La kwanza shoka. La kukatia. Ova."

Tulikwenda hivyo majuma mengi: fua na vua, tatu na tano, sita na sitini, mkono na mkojo. Kila tulipokosea nilirudi kwenye programu nikabadilisha alama, nikalituma kundi upya. Hakuwahi kuniuliza itaisha lini. Siku moja, maneno yote yamepita sawa, alisema, "Sasa nitasema yangu, wewe sikia tu. Usijibu mpaka nimalize."

Alisema kwamba tangu mtoto yule wanawake wa kisiwani wanamsalimia vizuri lakini hawakai tena kizingitini kwake jioni. Hawamlaumu. Wanaogopa tu. Alisema anapika, anakula, anatazama maji yakipanda, na ikifika asubuhi sauti yake inakuwa imekauka kwa sababu mtu wa kwanza anayemsemesha ni mimi. "Ni hayo. Ova."

Nilisikia kila neno. Juu yake gesti zote za Kibiti zilikuwa zinatazama mpira.

"Nimekupata," nilimwambia. "Na mimi ni hivyohivyo, Mwanahawa. Ova."

Saketi ile ndiyo iliyo ndani ya sanduku la bati. Niliifunga kwenye redio ya kituo, na haikupita muda mrefu Mwanahawa akaita alasiri, mtoto ametanguliza mkono. Bwana Komba aliandika neno kwa neno, akarudia, akathibitisha, na boti ikatoka Nyamisati. Mama na mtoto walifikishwa wakiwa hai. Komba alikuja karakana akasimama mlangoni. Alitaka kusema kitu, akaishia kuniuliza kama nina betri za tochi. Nilimpa.

Jambo moja sikuliandika kwenye taarifa. Kichujio kiliokoa maneno lakini kilichukua sauti. Mwanahawa akipita ndani yake alikuwa mwembamba, kama anayezungumza ndani ya kopo. Kila silabi ilifika, ule unene na ule mkokoto havikufika. Kundi lilikuwa limeona havina alama, kwa kuwa sikuwa nimevipa alama. Kwa hiyo niliweka swichi ya pembeni. Mchana kichujio kilifanya kazi. Asubuhi, kabla televisheni hazijawashwa, nilikizima ili nimsikie mzima.

Nilitamani kumwonyesha mtu. Gervas alikuwa ng'ambo, wakubwa wa Utete walitaka kujua tu kama inafanya kazi. Nikachukua redio ndogo, betri na sanduku, nikaenda Ruaruke. Mzee Seif alinipokea kwa furaha, akamwita mkewe, akamwambia huyu ndiye yule mwanangu wa redio. Alikuwa amezeeka. Nilimvisha hedifoni kama alivyonivisha, nikatafuta mlio mkali, nikasema, "Hapa bila kichujio."

"Naam," alisema.

Nikageuza swichi. "Hapa na kichujio."

"Naam. Safi sana."

Nilirudisha swichi ilikokuwa, filimbi ikarudi kali kiasi kwamba hata mimi niliisikia ikivuja nje ya hedifoni. Alikuwa anatabasamu vilevile, ananitazama midomo yangu.

"Safi sana, mwanangu," alisema. "Kazi nzuri."

Mkewe alinitazama, akatikisa kichwa taratibu. Nilimweleza Mzee Seif habari yote ya kundi na punje, kwa sauti kubwa, naye akaitikia kila mara. Alinipa mfuko wa korosho nilipoondoka. Sijui alielewa nini. Yeye ndiye pekee ambaye angejua, kwa kusikia tu, ni kazi kiasi gani.

Simu za mkononi zilikuja na minara yake, Kibiti kwanza, kisha pwani, kisha hadi kwenye mikoko. Redio za upepo zikaonekana mizigo. Amri ilikuja zikusanywe zote, na nilizunguka delta kwa boti, kituo baada ya kituo, nikifungua nati nilizozikaza mwenyewe. Mkandaani niliiweka mwisho.

Mwanahawa alinisubiri gatini. Alikuwa mfupi, jambo ambalo lilinishangaza. Nilikuwa nimempa urefu wa sauti yake. Tulikumbatiana, akanipeleka zahanati, akaniwekea uji na mihogo. Tulipoanza kuzungumza tuligundua hatujui kuzungumza. Nilisema jambo, akangoja. Nilipomaliza aliendelea kungoja, ahakikishe kwamba nimemaliza. Kisha akasema lake na mimi nikangoja. Hatukukatizana hata mara moja. Tulizungumza kwa zamu mchana kutwa, kimya kirefu katikati, na hatukuweza kufanya vinginevyo.

Alinionyesha simu yake mpya. Alisema mtandao unashika akisimama kule kwenye gati, maji yakiwa yamekupwa, kama hakuna upepo. Alinipa namba. Miaka iliyofuata niliipiga mara nyingi, na mara nyingi nilijibiwa na yule dada anayesema namba unayopiga haipatikani.

Mwenye boti akaanza kuita, maji yalikuwa yanatoka. Nilichukua bisibisi nikasimama mlangoni mwa chumba cha redio.

"Ngoja kidogo," Mwanahawa alisema.

Alikaa kwenye kiti chake, akavuta maiki, akabonyeza kitufe.

"Kibiti, Kibiti, hapa Mkandaani."

Akaachia. Tulisikiliza wote wawili. Hewa ilikuwa safi, mvumo mwembamba tu. Kibiti chumba kilikuwa kimefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Alingoja muda uleule ambao siku zote alikuwa akiningoja, ameinamisha kichwa, kisha akairudisha maiki kwenye ndoano yake na kuipangusa vumbi kwa kanga.

"Hawajibu," alisema. "Haya, fungua."